Pesa ya Kiwanja Ikawa IST, Kisha Mzee Akaja Kutoka Kasense

Picha ilikuwa moja tu: funguo ya gari kwenye kiganja, kucha zimepakwa rangi nyekundu, na chini yake maneno mawili, "Mungu fundi." Ndani ya saa moja status ile ilikuwa imetazamwa na kila mtu. Wafanyakazi wenzake wa Kariakoo, watu aliosoma nao Sumbawanga, mpaka mawifi. Kutoka Kasense, mama yake mdogo akatuma sauti ya dakika mbili, vigelegele vitupu.

Ambacho picha haikuonyesha ni kwamba ile ilikuwa pesa ya kiwanja.

Dada mwenyewe ni mtoto wa Kasense, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, huko juu kwenye uwanda wa Ufipa ambako mwezi wa 6 unalala na sweta na bado unatetemeka. Alifika Dar mwaka 2015 kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, begi moja na gunia la maharage la kumpelekea shangazi. Shangazi alikuwa na nyumba yake Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro. Vyumba vitatu, ukumbi mdogo, mti wa mwembe, na banda la kuku nyuma.

Mwaka 2017 nyumba ile ikapigwa X nyekundu.

Wanaoukumbuka mwaka ule hawahitaji kuelezwa. Barabara kutoka Kimara kwenda Kibaha ilikuwa inapanuliwa, karibu kilomita 19, njia nane. Serikali ilisema nyumba ziko kwenye hifadhi ya barabara. Wenye nyumba walisema wameishi hapo miaka na miaka. Tingatinga halikuwa na muda wa kusikiliza pande zote mbili. Shangazi alitoa vitanda, akatoa makochi, akang'oa milango na mabati mwenyewe ili angalau vimfae kwingine, kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akatazama.

Leo barabara imekamilika na ni nzuri, hilo hakuna anayebisha. Ila pale palipokuwa jiko la shangazi hapajafikiwa hata na lami. Ni kiwanja tupu pembeni, jamaa wanauza miche ya maua kwenye makopo. Shangazi amepanga Kibamba, na akipita pale kwenye daladala hugeuza uso upande wa pili.

Ungedhani mtu aliyeyaona hayo angekuwa na kinyongo na magari. Wapi! Dada alitaka gari kama kila mtu anavyotaka gari.

Na jamaa yake alitaka zaidi. Walikutana mwaka 2020. Yeye ni mtu wa biashara ya viatu, mcheshi, mchapakazi, si mtu mbaya hata kidogo. Walikuwa wamepanga Kimara Temboni, wanaweka pesa pamoja kwa ajili ya kiwanja huko Mlandizi. Mwaka 2023 zilipofika milioni 12 na ushee, jamaa akaja na hoja.

"Kiwanja hakikimbii," alisema. "Tuchukue IST kwanza, itusogeze. Mwakani tunanunua kiwanja tukiwa na usafiri wetu."

Kiwanja hakikimbii kweli. Bei yake ndiyo iliyokimbia.

Lakini tusimwonee jamaa wa watu. Hoja zake zilikuwa na uzito. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016, Kimara mpaka Kivukoni, watu waliipenda kama timu ya taifa ikishinda. Mtu aliyekuwa anatumia saa mbili asubuhi alijikuta mjini kwa dakika 45. Mradi ule ukapata hadi tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Baadaye idadi ya watu ikaizidi idadi ya mabasi, na kila mwenye macho aliona. Jamaa alikuwa anaondoka na shati limepigwa pasi anafika Gerezani kama ametoka kuvuliwa kwenye wavu. Simu mbili zilimpotelea mlangoni. Mteja mmoja alimkuta na kifungo kimekatika akamuuliza kama amepigana.

"Mimi sina shida na basi," alikuwa anasema. "Nina shida na kugombania basi."

Kwa hiyo IST ikanunuliwa. Nyeupe. Kadi ya gari ikaandikwa jina la jamaa, maana ndiye aliyekwenda kuifuatilia, na dada hakuona haja ya kuuliza.

Mwezi wa kwanza ulikuwa fungate. AC, muziki, chipsi kuku njiani. Mwezi wa pili wakagundua kwamba wakitoka saa 12 asubuhi wanakwama, kwa hiyo wakaanza kutoka saa 11. Mwezi wa nne watu wote walikuwa wamegundua siri hiyo hiyo, wakaanza kutoka saa 10 na nusu usiku. Wanafika Kariakoo giza bado lipo, wanalaza viti, wanalala ndani ya gari mpaka maduka yafunguliwe. Hebu fikiria: una kitanda umekinunua, una shuka mpya, halafu unalala kwenye kiti cha IST mbele ya duka la mtu.

Dada anafanya kazi ya kuandika hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mtu wa hesabu hawezi kuacha kuhesabu. Petroli ilikuwa imeshapita shilingi 3,000 kwa lita. Kwa foleni zile walikuwa wanachoma 15,000 kwa siku. Siku 26 za kazi, ni 390,000 kwa mwezi, bado maegesho, bado fundi. Mwendokasi nauli 750, wao wawili kwenda na kurudi 3,000. Hata ukiongeza daladala ya kuwafikisha Kimara mwisho haifiki 6,000 kwa siku. Tofauti yake kwa mwezi ilikuwa 234,000. Aliandika namba ile nyuma ya risiti akaiweka kwenye pochi. Hakumwonyesha mtu.

Wakati huo jamaa alikwenda Nairobi kufuata mzigo. Akarudi amebadilika. Alikuwa amepandishwa kwenye Nairobi Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022.

"Unapaa, mama! Unapaa juu ya watu! Dar tungekuwa na kile kitu tungekuwa mbali."

"Na chini kukoje?" dada akauliza.

"Chini wapi?"

"Chini ya hiyo barabara. Matatu wanapita wapi?"

Jamaa akafikiri kidogo. "Chini kumejaa," akasema. "Lakini si wewe uko juu?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoishia siku hiyo. Yangebaki hapo hapo kama goti la mzee lisingeharibika.

Mzee ni baba yake dada. Mkulima wa mahindi na ulezi wa Kasense, mtu wa kwenda mjini Sumbawanga kwa baiskeli hata alipofika miaka 68. Mwaka 2024 goti likavimba, madaktari wa huko wakamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Dar. Akaja kwa basi. Kwa jinsi alivyosikia habari za gari, alishuka stendi ya Mbezi akiwa amevaa koti lake la harusi.

Jumapili ya kwanza akataka kwenda misa. Wafipa na kanisa lao, ukitaka ugomvi na mzee wa Ufipa mzuie kusali. Na bahati nzuri kanisa lilikuwa linaonekana kutoka mlangoni, ng'ambo ya barabara. Kengele anaisikia. Waumini wanaingia anawaona, na rangi za vitenge vyao anaziona.

Jamaa alikuwa amepeleka gari kwa fundi. Dada akamshika baba yake mkono wakaenda mpaka ukingoni. Njia nane, jama. Magari yanakuja kutoka Kibaha kama yamefukuzwa. Mahali pa kuvukia palikuwa mbali kwa mtu mwenye goti lile. Wakajaribu kusubiri upenyo. Wakapiga hatua nne, lori likapiga honi moja ya kupasua kifua, mzee akarudi nyuma kwa mguu mbovu akaanguka kwenye changarawe.

Hakuumia sana. Akajipangusa koti. Wakasimama pale misa ikianza bila wao, mzee akavua kofia yake akasali hapo hapo ukingoni, anatazama kanisa lililo ng'ambo kama mtu anayetazama kijiji cha nchi jirani. Walipokuwa wanarudi akauliza swali moja.

"Hawa wa huku na wale wa kule, zamani walikuwa majirani?"

Dada akamwambia ndiyo. Shangazi alikuwa anavuka pale kwenda kuomba chumvi.

Jumanne ndiyo ilikuwa kliniki. Jamaa, kwa heshima zote, akasema mzee hawezi kupandishwa basi, atapelekwa kwa gari. Wakatoka saa 12 kamili. Ubungo wakasimama. Lile daraja la Kijazi lenye ghorofa zake lilifunguliwa mwaka 2021 na kweli limepunguza mateso ya pale kwenye makutano, lakini foleni haikufa, ilihama tu ikaenda kusubiri mbele. Mzee amekaa kiti cha nyuma goti limekunjwa, anauma meno. Pembeni yao, kwenye njia yake, basi la mwendokasi linapita. Baada ya muda lingine. Mzee akaanza kuyahesabu bila kuambiwa.

"Kila gari hapa lina mtu mmoja," akasema. "Hawa wote wanakwenda kumbeba nani?"

Walifika saa 4 na robo. Daktari alikuwa ameshamaliza orodha yake ya wagonjwa. Wakaambiwa warudi wiki ijayo.

Wiki ijayo dada hakumuuliza mtu. Alichukua bajaji na baba yake mpaka Kimara mwisho, wakasubiri mabasi mawili yaliyojaa yapite, la tatu wakaingia. Lilibanana, hakuna haja ya kupamba. Lakini kijana mmoja mwenye vishikio vya masikioni aliinuka bila kuambiwa: "Kaa mzee wangu." Mzee akanyoosha mguu. Wakashuka Faya, bajaji nyingine, saa 2 na nusu wako kwenye benchi la daktari, namba 7.

Usiku ule dada hakulala. Akiwa kitandani na simu akakutana na video ya Seoul, Korea Kusini, akaanza kusoma habari zake mpaka saa 8 usiku.

Seoul walikuwa na mto katikati ya jiji, Cheonggyecheon. Ulichafuka, wakaufunika kwa zege, kisha juu yake wakajenga barabara ya magari ya kupita juu. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa sura ya maendeleo. Mwaka 2003 meya wao akaanza kuibomoa. Watu walisema jiji litasimama. Oktoba 2005 mto ukafunguliwa, karibu kilomita 6 za maji na njia za miguu, na jiji halikusimama. Meya yule baadaye alichaguliwa kuwa rais. San Francisco nao, tetemeko la mwaka 1989 liliharibu barabara yao ya juu iliyokuwa imeziba ufukwe. Badala ya kuijenga tena, wakaanza kuibomoa mwaka 1991. Leo pale watu wanatembea.

Akamfikiria shangazi. Akaufikiria mto Msimbazi, unavyofurika pale Jangwani masika, barabara inafungwa, na mwenye IST na mwenye tiketi ya 750 wote wanarudi walikotoka. Akamtumia jamaa video ile, japo alikuwa amelala pembeni yake.

Asubuhi ndiyo moto ukawaka.

"Kwa hiyo tubomoe barabara?" jamaa akasema. "Wakorea wana treni za chini ya ardhi tangu mwaka 1974. Sisi tukibomoa tutapanda nini? Punda?"

Na hapo alikuwa sahihi, dada mwenyewe alikubali. Seoul hawakubomoa tu wakawaambia watu poleni. Treni zilikuwepo, na mwaka 2004, kazi ya kubomoa ikiendelea, wakapanga upya mabasi yote ya jiji na kuyapa njia zake katikati ya barabara. Mtu alinyang'anywa njia ya gari huku akipewa kitu mkononi. Dar hakuna aliyesema abomoe chochote. Swali la dada lilikuwa dogo zaidi na la nyumbani zaidi.

Akatoa ile risiti kwenye pochi. Akamwonyesha 234,000. Kisha akamwonyesha hesabu ya pili aliyoifanya usiku: basi refu la mwendokasi likijaa linabeba watu kama 150. Wale wale ukiwapa kila mtu gari lake, na kila gari na nafasi yake kwenye foleni likachukua mita 6, ni mstari wa mita 900. Basi moja lina mita 18.

"Sisi tunalia foleni," akasema, "na sisi ndiyo foleni yenyewe. Mita zetu 6 zimo."

"Basi mabasi yaongezwe kwanza, ndiyo tuuze gari."

"Na anayedai mabasi yaongezwe ni nani, kama kila mwenye sauti ameshanunua gari?"

Jamaa akanyamaza. Kisha akasema kitu ambacho asingekisema kama asingekuwa amechoka: "Gari ni langu. Kadi ina jina langu."

Siku tatu hawakusemeshana. Chumba kimoja na sebule, mzee amelala sebuleni, anasikia ukimya wote. Dada alikuwa ameshaanza kupanga nguo zake kichwani, ingawa kabati hakuligusa.

Mzee hakuingilia. Wazee wa Kasense hawaingilii mambo ya chumbani. Ila siku ya mwisho kabla hajapanda basi la kurudi, jamaa alipomsindikiza Mbezi na kumwamkia kwa mara ya mwisho, mzee alimshika mkono akauliza:

"Mwanangu, nimekaa kwako wiki tano. Unanijua nimekuona mara ngapi mchana?"

Jamaa akacheka. Akahesabu. Akaacha kucheka. Zilikuwa Jumapili nne, maana moja alikuwa kwa fundi.

IST iliuzwa mwezi uliofuata, milioni tisa na nusu. Hasara ile iliwauma wote wawili na bado inauma. Kiwanja cha Mlandizi kilikuwa kimefika milioni 17. Hawakukinunua. Walihamia Magomeni, chumba kimoja, bila sebule, kwa sababu kituo kiko umbali wa dakika nne kwa miguu na wote wanafika Kariakoo hata kwa kutembea wakiamua. Kilichobaki kiko benki, kwa majina mawili safari hii. Hilo la majina mawili dada hakulijadili. Alikwenda na fomu.

Marafiki wa jamaa walimcheka, wakamuita "abiria." Mwendokasi bado zinajaa, na siku mvua ikishika Jangwani bado kila kitu kinalala. Lakini jamaa analala mpaka saa 12 na nusu. Jioni yuko nyumbani saa 1. Dada anasema ilimchukua wiki mbili kuzoea kumwona mume mtarajiwa wake jua likiwa bado linatoka dirishani.

Desemba wakaenda Kasense, jamaa kujitambulisha rasmi. Wakapanda basi la Sumbawanga. Kuanzia Tunduma ile lami inateleza, wazee wanakumbuka ilivyokuwa vumbi na matope kabla Wamarekani wa MCC hawajatoa fedha, na hakuna hata mtu mmoja kwenye basi aliyekuwa na la kusema dhidi ya barabara. Barabara inayokuunganisha na watu haina ubaya. Kutoka stendi wakachukua bodaboda mbili mpaka nyumbani, mvua inanyesha, kuku wa zawadi ndani ya kikapu.

Watoto walikuwa barabarani wanasubiri kuona gari jeupe la kwenye status. Mama mdogo akatoka na kanga mkononi, akachungulia nyuma ya bodaboda, akachungulia tena.

"Gari liko wapi?"

Kabla dada hajapata la kujibu, mzee akasema kutoka barazani, hata hakuinuka:

"Limebaki Dar, kwenye foleni. Ingieni ndani mnalowa."

Jamaa bado anafuata kurasa tatu za kuuza magari Instagram. Dada anajua, anaona. Wakati mwingine humwona ameganda kwenye picha moja muda mrefu, kama mtu anayetazama picha ya mpenzi wa zamani, kisha anazima simu na kuuliza kuna nini cha kula.

Na wewe, je? Ungeuza, au ungemwambia mzee asubiri kliniki ya wiki ijayo?